Kukadiria vifaa vya hospitali wakati wa janga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu

Maelezo haya ni ya wahudumu wa afya, makarani wa stoo, wajumbe wa kamati za zahanati na wananchi wa Kaunti ya Lamu wanaotaka kujua hospitali inajiandaa vipi maradhi yanapoenea dunia nzima. Namba za wagonjwa zilizomo kwenye hesabu ni za mfano. Ziondoe, weka za kituo chako, kisha uhesabu upya.

Kukadiria mahitaji ni kufanya nini hasa?

Ni kujibu maswali matatu. Wagonjwa wangapi watalala hospitalini? Kila mmoja atatumia nini, kiasi gani, kwa siku ngapi? Na kitu hicho kikiagizwa leo, kitafika lini?

Mikutano mingi humalizikia kwenye swali la kwanza. Watu hubishana kuhusu wimbi litakuwa kubwa kiasi gani, saa zikapita, kikao kikafungwa. Kwa Nairobi labda si neno. Kwetu Amu, yaani mji wa Lamu, swali la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hospitali kuu ya kaunti, King Fahd, iko kisiwani. Kila glavu na kila mtungi wa oksijeni hupita barabara ya Garsen na Witu hadi Mokowe, hushushwa gatini, hupakiwa botini, kisha hubebwa tena upande wa pili. Makadirio yasiyohesabu siku hizo hayatufai, hata yakiwa yametengenezwa na mtaalamu.

Idadi ya vitanda hupatikanaje?

Zidisha wagonjwa wanaolazwa kwa siku na wastani wa siku anazokaa kila mmoja. Akilazwa mgonjwa mmoja kila siku na kila mmoja akakaa siku 8, baada ya muda utakuwa na vitanda 8 vyenye watu. Wakilazwa watatu kwa siku, vitanda ni 24.

Hesabu hii fupi inafichua jambo ambalo wengi hulipuuza: siku za kukaa zina uzito sawasawa na idadi ya wanaoingia. Mgonjwa aliyepona Jumatano na akabaki wodini hadi Jumamosi kwa kukosa boti ya kumrudisha Kizingitini anashika kitanda kwa siku tatu zaidi. Nauli yake ya boti ni kifaa cha hospitali kama kitanda chenyewe, na mimi ningeiweka kwenye bajeti bila kuona haya.

Kati ya walioambukizwa, ni wangapi hulazwa?

Inategemea ugonjwa, na inategemea zaidi umri wa watu. Takwimu za mwanzo za COVID-19 kutoka China, Februari 2020, zilionyesha kuwa kati ya waliothibitishwa, asilimia 81 walikuwa na dalili nyepesi, asilimia 14 walikuwa na hali mbaya, na asilimia 5 walikuwa mahututi. Namba hizo zilienea dunia nzima na kila mtu akazitumia kama zilivyo.

Lakini zilihesabiwa kwa waliopimwa, na katika nchi yenye wazee wengi kuliko Kenya. Majirani zetu watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi walipima damu ya wachangiaji wa damu nchini kati ya Aprili na Juni 2020, wakakadiria kuwa takriban asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili za virusi hivyo, na Mombasa karibu asilimia 8. Idadi hiyo ilikuwa kubwa mno kuliko visa vilivyokuwa vikitangazwa kila jioni. Maana yake ni kwamba wengi waliambukizwa bila kufika hospitalini kabisa. Aliyechukua asilimia za China akazizidisha na wakazi wetu 143,920 wa sensa ya 2019 alipata jibu la kutisha lisilolingana na hali ilivyokuwa.

Tumia asilimia za mbali wiki za mwanzo tu, wakati huna kingine. Wodi yako ikianza kupokea watu, hesabu yako iongozwe na wodi yako.

Mbona kila mara mnasema oksijeni, wakati watu wanadai ventileta, mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua?

Kwa sababu mgonjwa mmoja wa ventileta ana wenzake kadhaa ambao oksijeni ya mrija wa puani au ya barakoa ingewatosha, na wakiikosa ndipo nao wanakuwa mahututi.

Mwaka 2020 watafiti waliohesabu uwezo wa hospitali za Kenya walikuta vitanda 537 vya ICU (wodi ya mahututi) na ventileta 256 kwa nchi nzima, na ni kaunti 22 tu kati ya 47 zilizokuwa na hata chumba kimoja cha ICU. Kilio cha ventileta kikapanda. Kilikuwa kilio cha haki, ila ventileta haifanyi kazi peke yake. Inataka oksijeni yenye shinikizo la kutosha, stima isiyokatika, mashine ya kufyonza makohozi, dawa za usingizi, kifaa cha kufuatilia mapigo ya moyo, na juu ya yote muuguzi aliyesomea kazi hiyo, usiku na mchana. Kimoja kikikosekana, mashine inabaki imefunikwa shuka.

Utafiti uliofanyika katika hospitali 64 za nchi kumi za Afrika, Kenya ikiwemo, ukachapishwa mwaka 2021, ulikuta kuwa karibu nusu ya wagonjwa mahututi wa korona walifariki ndani ya siku 30, kiwango kilichozidi wastani wa dunia. Ukosefu wa vifaa na watu wa kuvitumia ulitajwa miongoni mwa sababu. Ndiyo maana nasema tuanze na kinachookoa wengi.

Basi oksijeni inahesabiwaje? Tupeni hesabu yote.

Chukua mtungi mkubwa wa chuma, ule unaobeba takriban lita 6,800 za gesi. Katika makadirio yake, Shirika la Afya Duniani lilichukulia kuwa mgonjwa mwenye hali mbaya hutumia lita 10 kwa dakika, na aliye mahututi lita 30. Gawa 6,800 kwa 10: dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20. Mtungi uliofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi umekwisha kabla ya adhana ya Magharibi. Kwa mgonjwa mahututi, mtungi huohuo haufiki saa nne.

Sasa weka wagonjwa sita wa lita 10. Ni lita 60 kwa dakika, lita 3,600 kwa saa, lita 86,400 kwa siku. Gawa kwa 6,800, unapata mitungi 12.7. Andika 13.

Wengi huishia hapo, wanaagiza mitungi 13 na ziada kidogo. Hesabu ya Amu ndiyo kwanza inaanza. Mtungi mtupu hauna faida mpaka urudi umejaa. Tuseme mzunguko wote, kutoka wodini, gatini, Mokowe, barabarani hadi Mombasa zaidi ya kilomita 300, foleni ya kujaza, na kurudi, unachukua siku 4. Katika siku hizo nne wagonjwa wanaendelea kuvuta hewa. Kwa hiyo unahitaji mitungi 13 mara 4, yaani 52, ili kuwe na mingine inatumika na mingine iko njiani. Ongeza akiba ya siku mbili kwa gari kuharibika au bahari kuchafuka: mitungi 26. Jumla ni 78, kwa wagonjwa sita tu.

Tazama pia upande wa pili. Ukifanikiwa kupunguza mzunguko kutoka siku 4 hadi 3, kwa kuwa na makubaliano ya mapema na mwenye kiwanda na gari linalosubiri Mokowe, mahitaji yanashuka hadi 65. Siku moja iliyookolewa njiani ni sawa na kununua mitungi 13. Sijui njia nyingine rahisi kama hiyo ya kuongeza oksijeni Lamu.

Mambo matatu ya kuongeza kwenye hesabu. Usitegemee mtungi hadi pumzi ya mwisho. Wengi huubadilisha ukiwa na kiasi kidogo ndani, kwa hiyo punguza lita kidogo kwenye ile 6,800. Kila mtungi unaotumika unahitaji regyuleta (ya kupunguza shinikizo la gesi) na flomita (ya kupima mtiririko) zake, na regyuleta moja iliyovunjika huufanya mtungi uliojaa uwe chuma tu. Na mtungi huo una uzito wa kilo sitini na zaidi. Maji yakiwa yamepwa na boti iko chini sana ya gati, hamali wawili hawatoshi. Andika mahamali kwenye makadirio.

Kwa nini tusinunue konsentreta tu, tuachane na mitungi?

Konsentreta huchukua hewa ya chumbani na kuichuja, haihitaji safari ya Mombasa, na kwa kituo kama cha Faza au Kiunga ni neema. Nyingi hutoa lita 5 kwa dakika, nyingine 10. Mashine ya lita 5 hula takriban wati 350, na ile ya lita 10 karibu wati 600. Sita za lita 10 zikiwashwa pamoja ni kilowati 3.6 mfululizo. Muulize fundi kama jenereta ya kituo inabeba mzigo huo pamoja na friji za chanjo.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Vichujio huziba, vyuma huliwa. Ukikadiria konsentreta kumi bila vichujio vya akiba na fundi wa kuzipitia, baada ya mwaka kadiria sita. Na mgonjwa anayehitaji lita 30 hatoshelezwi nayo. Kwa hiyo konsentreta kwa vituo vidogo na kwa wagonjwa wa kiwango cha chini, mitungi au kiwanda cha oksijeni kwa hospitali kubwa, na mitungi michache kila mahali kwa usiku wa stima kukatika.

Tumeagiza mara mbili ya tunachotumia leo. Haitoshi?

Inategemea wagonjwa wanaongezeka kwa kasi gani. Wakiwa wanazidi mara mbili kila siku 6, na mzigo unachukua siku 18 kufika, basi siku mzigo unaposhuka gatini mahitaji yamezidi mara mbili, kisha mara mbili, kisha mara mbili tena. Ni mara nane. Wagonjwa sita wa leo ni 48.

Agiza kwa ajili ya siku ya kupokea, si kwa siku ya kuandika barua. Hata hivyo hesabu hii haiendi milele: watu hubadili mienendo, wengine hupata kinga, wimbi hushuka. Ndiyo sababu unaiangalia upya kila wiki, na ukiona muda wa kuzidi mara mbili unarefuka, unapunguza oda inayofuata.

Upepo wa kusi na maji yanaingiaje kwenye hesabu?

Yanaingia kama siku za ziada. Boti za Pate, Siyu na Faza huenda kwa kufuata maji. Zikikosa maji kujaa, mzigo unalala. Kusi ikishika katikati ya mwaka, safari za bahari ya wazi kuelekea Kiunga huwa ngumu. Nahodha anayejua bamvua (maji makubwa) iko lini na maji mafu (maji madogo) lini anaweza kukuambia siku ambazo usitegemee kitu. Mualike kikaoni. Panga akiba ya visiwa vya juu kabla ya kusi kushika, kama wafanyabiashara wa duka wanavyofanya siku zote.

Usisahau Maulidi pia. Mfungo Sita mji hujaa wageni kutoka pwani nzima na hata nje ya nchi, na idadi ya watu wa sensa haina maana wiki hiyo.

Glavu, barakoa na magauni?

Hivi hufuata watu wanaogusa, kuliko idadi ya vitanda. Wagonjwa 8, kila mmoja akihudumiwa mara 12 kwa siku, ni jozi 96 za glavu. Kwa siku 30 ni jozi 2,880. Hapa kosa la kawaida ni boksi. Boksi lililoandikwa 100 lina glavu 100, yaani jozi 50. Unahitaji maboksi 58. Aliyedhani ni jozi 100 aliagiza 29, na zitamwishia katikati ya mwezi.

Barakoa zihesabu kwa zamu: wauguzi, matabibu, wa maabara, wasafishaji, wapishi wanaopeleka chakula wodini, na nahodha wa boti ya wagonjwa pamoja na baharia wake. Kisha wale ambao orodha nyingi huwaacha nje kabisa, waosha maiti. Hapa kwetu maiti huoshwa na kukafiniwa na watu wa mtaa, kwa upendo na kwa wajibu wa dini. Ukiwanyima glavu na gauni, umewaambia wachague kati ya afya yao na haki ya marehemu. Zungumza na maimamu mapema, uweke seti zao pembeni.

Na usitegemee kwamba soko litakuwa na mali. Tarehe 3 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa dunia ilihitaji barakoa za hospitali milioni 89 kila mwezi na glavu milioni 76, likataka viwanda viongeze uzalishaji kwa asilimia 40. Wakati huo Kenya ilikuwa bado haijatangaza mgonjwa wake wa kwanza. Alitangazwa tarehe 13. Mwenye oda ndogo kutoka kisiwa kidogo alijikuta mwisho wa foleni.

Oksimita ya kidole, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, ina umuhimu gani kwenye makadirio?

Mkubwa. Ndiyo inayokuambia nani anahitaji oksijeni na nani apunguziwe. Bila hiyo wodi hutoa gesi kwa kukisia, na mitungi inakwisha kwa watu wasioihitaji. Weka moja katika kila zahanati, na betri za akiba.

Angalizo kwa wauguzi wa huku: piko (rangi nyeusi ya kujipamba) iliyokolea kwenye kucha, na rangi ya kucha, vinaweza kuvuruga kipimo. Bibi harusi akija anahema, tafuta kidole kisicho na piko, au cha mguu. Tena utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa vifaa hivi hukosea zaidi kwa watu weusi, vikionyesha oksijeni iko sawa wakati imeshuka. Namba ikiwa nzuri na mgonjwa anahangaika kupumua, mwamini mgonjwa.

Kuna programu ya kutufanyia hesabu?

Ipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 zana ya kukadiria mahitaji kwa jedwali la Excel. Unajaza wagonjwa, wafanyakazi na vitanda, inakupa vifaa. Inafaa, ila haijui Mokowe. Siku za safari ziongeze mwenyewe.

Makadirio yakikosea, nani alaumiwe?

Yatakosea. Machi 2020 gavana wa New York, Andrew Cuomo, alisema jimbo lingeweza kuhitaji hadi vitanda 140,000. Kilele cha Aprili hakikufika wagonjwa 19,000 waliolazwa kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja baadaye, Aprili na Mei 2021, hospitali za Delhi ziliishiwa oksijeni na watu wakafa wakisubiri. Upande mmoja walijiandaa kupita kiasi, upande mwingine wakapungukiwa. Gharama za makosa haya mawili hazilingani hata kidogo, na mimi nikilazimika kukosea nitachagua kubaki na mitungi.

Kwa hiyo usiandike namba moja. Andika tatu: hali nafuu, hali ya kati, hali mbaya. Nunua kwa hali ya kati vitu vinavyoharibika, na kwa hali mbaya vile vinavyodumu na vinavyochelewa kufika. Kila Ijumaa au Jumatatu linganisha ulichokisia na kilichotumika. Karani aliyetangaza kuwa makadirio ya wiki jana yalipungua kwa theluthi asikaripiwe. Siku atakapoficha, wodi ndiyo itakayojua.

Hatuna vipimo vya kutosha. Tunakadiriaje bila kujua visa?

Hesabu usichoweza kukosa kukiona: waliolazwa leo, waliowekewa oksijeni leo, mitungi iliyobadilishwa leo. Ubao wa wodini na kalamu vinatosha. Mitungi iliyobadilishwa ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, maana hakuna anayebadilisha mtungi kwa kubahatisha. Ikipanda siku tatu mfululizo, piga simu ya oda bila kungoja ripoti ya mwezi.

Nani akae mezani?

Mfamasia, muuguzi mkuu, fundi wa vifaa tiba, karani wa stoo, afisa wa kumbukumbu, wa fedha, msimamizi wa boti. Na mwakilishi wa Mpeketoni na wa Faza, la sivyo makadirio ya kaunti yatakuwa ya mji wa Amu peke yake. Wa fedha aje tangu mwanzo: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mahitaji yaliyoletwa baada ya bajeti kupita huomba huruma badala ya fungu.

Janga likiisha, vifaa vitakaa tu?

Oksijeni haikai. Watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati, wenye nimonia, wajawazito wanaofanyiwa upasuaji, wote wanaihitaji kila siku ya mwaka. Glavu na dawa za kunawa zina tarehe ya mwisho. Zizungushe, za zamani zitoke kwanza.

Na janga lisipokuwa la mapafu?

Muundo wa hesabu ni uleule, vifaa vinabadilika. Mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vipele, iliyotangazwa kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, wiki mbili baada ya Kenya kutangaza kisa chake cha kwanza Taveta, inataka vyumba vya kutenga watu, glavu, sabuni na shuka nyingi, kwa wiki kadhaa kwa kila mgonjwa, mitungi michache. Kipindupindu kinataka maji ya mshipa: mtu mzima wa kilo 60 aliyekaukiwa vibaya anahitaji lita 6 katika saa tatu za mwanzo, yaani chupa 12 za nusu lita kabla hujamhesabu mgonjwa wa pili. Andaa ukurasa mmoja kwa kila ugonjwa, ukae tayari kwenye faili la stoo.

Sisi jamaa tulioko nje na wenye hoteli za Shela tunataka kuchangia. Tununue nini?

Kwanza mpigie simu fundi wa vifaa tiba wa hospitali, kabla ya kutoa pesa. Muulize aina ya vali inayotumika kwenye mitungi ya hapa, maana regyuleta isiyolingana na vali haifungi. Mkinunua mitungi, kila mmoja uje na regyuleta, flomita na mirija ya puani. Mkinunua konsentreta, zije na vichujio vya miaka miwili na kidhibiti cha stima. Na mkiona bora kutoa fedha taslimu, lipieni mzunguko: gari la Mombasa, boti na mahamali kwa miezi mitatu.